Sura ya 4: Hesabu Iliyofundishwa Kinyumenyume

Asubuhi, kabla magari hayajaanza kupanga foleni, meneja wa sheli hufungua mfuniko mdogo wa chuma uliolala sawasawa na sakafu ya zege na kuteremsha fimbo ndefu yenye alama za sentimita. Ncha ya fimbo imepakwa dawa inayobadilika rangi ikigusana na petroli. Fimbo ikigonga chini ya tangi huivuta taratibu, husoma pale rangi ilipoishia, tuseme sentimita 50, kisha hufungua faili na kutazama jedwali. Sentimita 50 ni lita 3,685. Anaandika, anafunga mfuniko, anahamia tangi la dizeli.

Tangi la mfano huu ni mcheduara uliolazwa ubavu, wenye kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 6. Likijaa hubeba lita 18,850 hivi. Mtu akiambiwa kwamba mafuta yamefika robo ya kimo chake, haraka yake ni kugawa kwa 4 na kupata lita 4,712. Atakuwa amezidisha kwa zaidi ya lita 1,000, na upungufu wa lita 1,000 kwenye vitabu vya sheli ni jambo la kumpotezea mtu kazi. Chanzo cha kosa ni umbo. Tangi la duara lililolazwa ni jembamba chini, pana katikati, jembamba tena juu. Mafuta yakiwa na kina cha sentimita 10, sentimita moja zaidi inaongeza lita 52 tu. Yakifika katikati ya tangi, sentimita moja ileile inaongeza lita 120.

Jedwali la namna hiyo linaweza kupatikana kwa kumimina mafuta yaliyopimwa, kidogo kidogo, na kuandika kina kila mara. Linaweza pia kupatikana bila kumwaga hata tone: unalikata tangi kwa mawazo katika tabaka nyembamba za mlalo, unatafuta ujazo wa kila tabaka, unazijumlisha zote. Kujumlisha huko ndiko wanafunzi wanakokuita integresheni. Na ile tofauti kati ya lita 52 na lita 120, yaani kiasi kinaongezeka kwa kasi gani pale fimbo ilipofika, ndiyo difarensiesheni. Kalkulasi yote ya shule ya sekondari imejengwa juu ya maswali hayo mawili. Kitu kinabadilika kwa kasi gani hapa, sasa hivi? Na mabadiliko madogo madogo yakikusanywa, jumla yake ni kiasi gani?

Huenda meneja huyo aliwahi kujibu maswali hayo katika mtihani. Nchini Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, kalkulasi humsubiri mwanafunzi mwishoni mwa silabasi ya kidato cha nne, mtihani wa KCSE ukiwa umekaribia. Tanzania, anayechukua mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huibeba kwa miaka miwili ya kidato cha tano na sita, na mwenzake wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) hukutana nayo ndani ya BAM, somo la hisabati tumizi ya msingi. Anafundishwa kwa Kiingereza, ilhali hisabati ya shule ya msingi wengi wameisoma kwa Kiswahili. Kinachobaki kichwani baada ya miaka 20 ni nyimbo za kukariri: shusha kipeo mbele, punguza moja, ongeza moja kwenye kipeo, gawa kwa kipeo kipya, usisahau C. Watu wazima wengi, baadhi yao wahasibu, wauguzi na hata wahandisi, wanaweza kuimba hivyo bila kukosea, kisha wakauliza kwa dhati kabisa: yote ile ilikuwa ya nini?

Swali hilo ni la haki. Mara nyingi lilipoulizwa darasani lilijibiwa kwamba litaeleweka chuo kikuu, au kwamba lipo kwenye mtihani. Aliyeuliza akakaa chini akidhani kwamba akili yake ndiyo fupi. Jibu lilikuwepo, tena karibu, na hata C iliyosisitizwa kila siku ilikuwa na maana ya kawaida kabisa. Mita ya pampu inajua lita ngapi zimetoka tangu asubuhi, lakini haijui tangi lilianza na lita ngapi. Ukijumlisha mabadiliko yote ya siku nzima, bado unahitaji namba moja kutoka nje ya hesabu, ambayo ni stoku ya kufungulia. Hiyo ndiyo C. Meneja anayesahau kuiandika hawezi kufunga hesabu za jioni, na mwalimu anayekata alama kwa kuisahau anadai kitu kilekile.

Fimbo ya sheli ina ndugu yake mkubwa katika historia. Mwaka 1613 mwanaastronomia Johannes Kepler, aliyekuwa akiishi Linz nchini Austria, alioa mke wa pili. Mavuno ya zabibu yalikuwa mazuri mwaka huo, na kwa ajili ya nyumba yake mpya akanunua mapipa ya divai. Muuzaji alipokuja kupima hakufanya hesabu yoyote. Alitumbukiza fimbo kupitia tundu lililo katikati ya tumbo la pipa, akaielekeza kimshazari mpaka ikagusa kona ya mbali ya kitako, akasoma urefu uliolowa, akataja bei. Alifanya hivyo kwa kila pipa, la umbo lolote.

Kepler alikuwa ameshatumia miaka kadhaa kupambana na njia ya sayari ya Mars, na kipimo kile kilimsumbua. Mapipa mawili yanaweza kuwa na mshazari wa urefu mmoja huku moja likiwa fupi na nene, jingine refu na jembamba. Yatabebaje divai sawa? Wasiwasi wake ulikuwa wa kweli. Chukua pipa lililonyooka kama mcheduara, na fimbo iingie mita 1 kamili. Pipa likiwa na urefu wa mita 1.15 hivi, litabeba lita 605. Likiwa na urefu wa mita 1.8, fimbo itasoma mita 1 ileile na bei itakuwa ileile, lakini ndani yake mna lita 269 tu. Mnunuzi analipia zaidi ya maradufu ya anachopata.

Aliandika kitabu kizima juu ya mapipa, kikachapishwa hapo hapo Linz mwaka 1615. Ndani yake alilikata pipa katika vipande vyembamba sana na kuvijumlisha, kisha akauliza ni umbo lipi linalobeba divai nyingi kuliko yote kwa fimbo ya urefu uleule. Alikuta kwamba mafundi wa Austria, kwa mazoea waliyorithi, walikuwa wakitengeneza mapipa yaliyokaribiana sana na umbo hilo bora. Akaona na jambo la pili, ambalo ndilo lenye uzito kuliko mengine katika kitabu: karibu na kilele, makosa madogo hayadhuru. Lile pipa bora likirefushwa kwa asilimia 5, fimbo ikiendelea kusoma mita 1, divai inapungua kwa chini ya nusu ya asilimia 1. Fundi hahitaji kuwa malaika. Muuzaji na fimbo yake hawakuwa wakimwibia mtu, ilimradi mapipa yatoke kwa mafundi wa Austria.

Mwanafunzi wa leo anapata jambo lilelile kwa sura nyingine. Anaambiwa atafute difarensiesheni, aifanye iwe sawa na sifuri, atafute x. Anafanya, anapata alama 4. Hakuna anayemweleza kwamba sifuri hiyo ndiyo habari yenyewe: kasi ya badiliko kileleni ni sifuri, na kwa hiyo aliyesimama karibu na kilele anaweza kusogea kidogo bila hasara. Mkulima anayetafuta kiasi cha mbolea kinachompa faida kubwa, au mfanyabiashara anayepanga bei, anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji thamani ya x yenye desimali nne.

Mbona basi shule haianzii kwenye pipa? Sababu ya msingi ni mpangilio wa vitabu. Vitabu vingi vya kalkulasi huanza na limiti, vikaenda kwenye difarensiesheni, vikafuata integresheni, na mwisho kabisa, katika kurasa ambazo darasa huzifikia wakati mitihani ya majaribio imeshaanza, vikaweka matumizi. Historia ilikwenda kinyume chake. Matumizi na integresheni vilitangulia: Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipata eneo lililofungwa na parabola, naye Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, alijumlisha vipeo vya nne kupata ujazo wa umbo la parabola lililozungushwa, yapata miaka 1,000 iliyopita. Difarensiesheni ilikomaa katika karne ya 17. Isaac Newton aliipata sehemu kubwa ya mbinu yake mwaka 1665 na 1666, Cambridge ilipofungwa kwa sababu ya tauni naye akarudi kijijini kwao. Gottfried Leibniz, aliyefika kwa njia yake mwenyewe, alichapisha ya kwake mwaka 1684 pamoja na alama ambazo bado zipo ubaoni hadi leo. Limiti, ile inayofungua kitabu cha mwanafunzi, ilikuja mwisho. Augustin-Louis Cauchy aliiweka kuwa msingi katika kitabu chake cha 1821, na Karl Weierstrass akaikaza zaidi baadaye katika karne hiyo ya 19.

Kati ya Newton na Cauchy kuna zaidi ya miaka 150 ambayo kalkulasi ilifanya kazi bila msingi wa kueleweka. Ilitabiri njia za sayari na ilieleza mtetemo wa nyuzi na mwendo wa maji, huku waliokuwa wakiitumia wakishindwa kusema waziwazi kile kipande kidogo mno, kisicho sifuri na kinachotupwa kama sifuri, ni kitu gani. Mwaka 1734 askofu George Berkeley aliandika kijitabu kikali kuhusu udhaifu huo, na hoja yake ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeweza kumjibu kikamilifu wakati wa uhai wake. Kwa hiyo msichana wa miaka 17 anayekwama kwenye limiti wiki ya kwanza hana sababu ya kujiona mjinga. Amewekwa mbele ya mlango ambao vichwa bora vya Ulaya viliufungua mwisho, na ameambiwa apite hapo kwanza.

Wapo waliojaribu kuugeuza mpangilio huo. Mwaka 1910 mhandisi na mwanafizikia wa Uingereza, Silvanus Thompson, alichapisha kitabu kidogo kilichofundisha kalkulasi kwa lugha ya kawaida, kikianza kwa kuondoa hofu ya alama. Hakuweka jina lake; lilijulikana baada ya kifo chake mwaka 1916. Kitabu hicho bado kinachapishwa. Tom Apostol, aliyefundisha Caltech nchini Marekani, alianza kitabu chake cha 1961 kwa integresheni, akifuata historia, na kitabu hicho si chepesi hata kidogo. Kufuata historia hakulegezi hesabu.

Kwa mwanafunzi wa Mombasa, Tanga au Unguja, kitabu kingeweza kuanzia baharini. Darasani anakariri kwamba ukiifanyia difarensiesheni sin unapata cos. Nje ya dirisha, mara mbili kwa siku, maji yanamwonyesha jambo hilo. Bamvua linapofika, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika mwambao huu huzidi mita 3, na safari ya kutoka chini hadi juu huchukua saa 6 na dakika kadhaa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni yao ya kugawa kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, ya sita sehemu 1. Kwa tofauti ya mita 3.6, hiyo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30.

Sin ni kimo cha maji. Cos ni kasi ya kupanda kwake. Maji yakiwa yamejaa kabisa, kimo ni kikubwa kuliko wakati wowote na kasi ni sifuri, bahari inatulia. Maji yakiwa nusu, kimo ni cha kati na kasi ni kubwa kupita zote. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wengi wao wanawake, wanaoteremka na kamba zao maji yanapokupwa, wanajua saa ambayo mtu hatakiwi kuzubaa: ni ile ya tatu, maji yanapopanda sentimita 90 ndani ya dakika 60. Kilimo hicho kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989. Mtoto wa mkulima huyo anayepata sifuri kwenye swali la sin na cos amenyimwa kitu kilichokuwa chake tayari.

Hesabu hiyo ya maji ina upande wa mashine pia. Mwaka 1872 William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alibuni mashine ya gurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi mengi ya sin, moja la mwezi, moja la jua, mengine ya kurekebisha, na kuchora maji ya bandari kwa mwaka mzima ujao. Mashine za aina hiyo ndizo Arthur Doodson alizotumia karibu na Liverpool kutabiri maji ya pwani ya Normandy kwa ajili ya majeshi yaliyoshuka huko Juni 1944.

Lakini mfano unaogusa watu wengi kuliko wote haumo baharini. Umo kwenye pakiti ya vidonge, na umefichwa katika mada ambayo watahiniwa wa KCSE huiona kuwa ndogo na ya kuchosha: kutafuta eneo chini ya mchoro kwa kutumia trapeza.

Mbinu yenyewe ni nyepesi. Una mchoro wenye mkunjo. Unaugawa kwa mistari ya wima, unaunganisha vilele kwa mistari iliyonyooka, na kila kipande kinakuwa trapeza. Jumlisha pande mbili zilizo sambamba, gawa kwa 2, zidisha kwa upana. Kisha vipande vyote vijumlishwe.

Wababeli walikuwa nayo. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, alichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mabamba ya udongo ya kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo. Waandishi wa mabamba hayo walikuwa wakifuatilia sayari ya Jupiter angani. Walijua kwamba ikianza kuonekana husogea kwa dakika 12 za digrii kwa siku, na baada ya siku 60 imepunguza mwendo hadi dakika 9 na nusu. Walichukua wastani wa namba hizo mbili, wakazidisha kwa 60, wakapata digrii 10 na robo tatu. Hilo ni eneo la trapeza ambayo upande wake mmoja ni muda na mwingine ni kasi, na jibu lake ni umbali. Ulaya ilifika kwenye wazo hilo katika karne ya 14.

Sasa turudi kwenye vidonge. Mgonjwa wa Dodoma au Kisumu anapopewa dawa isiyo ya kampuni ya kwanza kuigundua, iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa bei nafuu, nani amejua kwamba itafanya kazi ileile? Kuwa na kiambato kilekile, gramu zilezile, hakutoshi. Kidonge kinaweza kukandamizwa kwa nguvu kupita kiasi kikapita tumboni bila kuyeyuka vizuri. Kwa hiyo watu wazima wenye afya hujitolea kumeza dawa zote mbili, ya awali na ya nafuu, kwa nyakati tofauti, wakipumzika katikati mpaka ya kwanza iishe mwilini. Kila baada ya muda fulani hutolewa damu, na kiwango cha dawa ndani yake hupimwa.

Tuchukue namba rahisi za mfano. Saa 0 damu haina dawa. Baada ya saa 1 ina mikrogramu 4 kwa kila mililita. Saa 2, mikrogramu 6. Saa 4, zimeshuka hadi 4. Saa 8, imebaki 1. Trapeza ya kwanza ina eneo la 2, ya pili 5, ya tatu 10, ya nne 10. Jumla ni 27. Namba hiyo inapima dawa yote iliyoupitia mwili, siyo kilele chake peke yake. Hesabu hufanywa kwa kila aliyejitolea na kwa kila dawa, kisha dawa mbili hulinganishwa. Kanuni ya kawaida ya mamlaka za dawa, ambayo Shirika la Afya Duniani pia huifuata, ni kwamba uwiano wa maeneo hayo, pamoja na upana wa mashaka ya kitakwimu ya asilimia 90, ukae kati ya asilimia 80 na 125. Usipokaa hapo, dawa haipiti.

Hii ina maana kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne anayechora trapeza tano kwenye karatasi ya grafu anafanya hesabu ileile inayoamua kama dawa ya bei nafuu iruhusiwe kuuzwa. Kompyuta za maabara huifanya kwa haraka, lakini hakuna zinachoongeza juu ya alichofundishwa, isipokuwa marekebisho kidogo kwenye mkia wa mchoro. Inasikitisha kwamba anaweza kumaliza shule, akasomea famasia, akakutana na mchoro huo tena mwaka wa tatu na asiutambue.

Kutotambuana huko kunatokea hata kwa waliobobea. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Diabetes Care lilichapisha makala ya mtafiti aliyebuni namna ya kupata eneo chini ya mchoro wa sukari katika damu kwa kuugawa katika pembetatu na mistatili. Ilikuwa ni kanuni ya trapeza. Wasomaji kadhaa waliliandikia jarida kulieleza hilo. Makala imetajwa mamia ya mara katika tafiti nyingine, maana waliohitaji hesabu hiyo katika kazi ya kisukari ni wengi. Mtafiti huyo anastahili heshima: alikuwa na tatizo la kweli mbele yake na akatengeneza chombo kwa mikono yake. Aliyekosea ni mfumo uliompa chombo hicho miaka mingi kabla, bila kumwonyesha kinatumika wapi.

Na kuna malaria. Katika miaka ya 1950 George Macdonald, wa shule ya afya na tiba za nchi za joto ya London, aliuliza swali la difarensiesheni kuhusu mbu: katika vitu vyote vinavyoweza kupunguzwa, ni kipi ambacho badiliko dogo lake huleta badiliko kubwa zaidi katika maambukizi? Tangu zamani wengi walipigana na idadi ya mbu, kwa kukausha madimbwi na kumwaga mafuta juu ya maji. Ukipunguza mbu kwa nusu, maambukizi hupungua kwa nusu. Macdonald aliangalia umri wao.

Vimelea huhitaji siku 10 hivi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu anayekufa siku ya 6 hana madhara hata kama alimnyonya mgonjwa. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaiona kesho. Baada ya siku 10 wamebaki 35. Sasa dawa ya kupulizia kutani iwapunguze kidogo, ili 80 kati ya 100 waione kesho. Baada ya siku 10 wamebaki 11, na hao 11 nao wana siku chache za kuishi mbele yao kuliko wale 35. Ukiweka yote mawili katika kanuni, uwezo wa mbu kueneza malaria unashuka karibu mara 7. Punguzo la mbu 10 tu katika kila 100 kwa siku limefanya kazi ambayo kufukia nusu ya madimbwi yote ya wilaya kusingeifikia.

Hesabu hiyo iliipa nguvu hoja ya kupulizia dawa ndani ya nyumba, na Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoijaribu mapema. Watafiti wa taasisi ya malaria ya Amani, katika milima ya Usambara, walisimamia unyunyiziaji wa dieldrin katika nyumba za Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Chandarua chenye dawa kinaongeza jambo jingine, kwa sababu ili malaria ihame kutoka kwa mtu hadi mtu, mbu lazima aume mara mbili: mara moja kuchukua, mara moja kupeleka. Ndiyo maana katika kanuni ile kiwango cha kuuma kimewekwa kipeo cha pili. Kuuma kukipungua nusu, maambukizi yanabaki robo. Changanya hilo na ufupi wa maisha ya mbu, na mara 7 zinakuwa zaidi ya mara 27. Anachohitaji mtu kuifanya hesabu yote hiyo kwa kalamu ni vipeo, logarithimu na wazo la kasi ya badiliko, na mwanafunzi wa PCB anayeingia kwenye chumba cha mtihani wa BAM amefundishwa vyote vitatu.